Upindo Mweupe wa Mfarishi wa Bi Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilipewa ufagio. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja kwa miguu kutoka Ganda hadi mji wa kale wa Malindi, nimevaa shati la kaka yangu, na nilidhani ufundi unaanza mtu anapoketi kwenye kiti. Fundi Mkuu, aliyekuwa na cherehani nne barazani mwa duka moja la nguo, alinitazama toka juu hadi chini, akanionyesha sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa, akasema, "Fagia, lakini usitupe kitu."

Nilipomaliza aliiacha kanzu aliyokuwa akiishona, akachutama mbele ya rundo langu na kunifundisha kuchambua. Pamba mbali, hariri mbali, na vile vya kuteleza vinavyoyeyuka ukivipiga pasi mbali kabisa. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alimuuliza kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake.

"Kitambaa kikisalia, ni cha nani?"

"Ni cha fundi," nikajibu, maana ndivyo nilivyosikia kwa mafundi wa kwetu.

"Basi wewe ni mwizi hata kabla sijakuandika kazi. Ni cha mwenye nguo. Kipande kikizidi kiganja chako, kikunje, kifunge uzi, umrejeshee pamoja na nguo yake. Kisichofika kiganja kitie guniani."

Naandika haya ili nyinyi mnaoshona kwa cherehani za umeme mjue nililelewa wapi. Mbele huko mtasikia nimeitwa nini, na mtapima wenyewe.

Kwa Fundi Mkuu nilikaa miaka minane. Hakuwa mtu mwema. Alikuwa na rula ya mbao ya kupimia, na rula ile ilijua vifundo vya vidole vyangu kuliko ilivyojua vitambaa. Lakini alijua kazi. Alinifundisha kupiga bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia vitambaa visiteleze kabla ya mshono wenyewe. Alinifundisha kutambua mshazari, kwamba kitambaa ukikikata kwa pembe hunyooka na kuvutika, na nguo itakuaibisha mteja akiisha kuifua mara moja. Alinifundisha kuloweka kitambaa kipya kwa maji ya chumvi ili kama kinachuja rangi kichujie kwenye ndoo yangu, si kwenye nguo za watu. Alipofariki, wanawe walizigawana zile cherehani, moja moja kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyejua kutia uzi. Baraza likakodishwa kwa muuza simu.

Kituo changu cha pili kilikuwa hoteli moja ya ufuoni, katika chumba cha kitani. Huko ndiko zilikotunzwa shuka, taulo, mapazia na vitambaa vya meza, nasi mafundi watatu tulikuwa tukivitibu vikiumwa. Mkubwa wetu alikuwa Matroni, mama wa kutoka bara, mnene, mwepesi wa miguu, ambaye katika miaka ishirini na miwili sikumwona ameketi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao na hakuona haya nacho. "Charo," alikuwa akiniambia, "hii shuka imechoka katikati peke yake. Pande zake bado ni nzima. Wewe unataka kutupa mtu mzima juu ya kidonda?"

Basi tulikuwa tukiipasua shuka katikati kwa urefu, tunaziunga zile pande mbili nzima ziwe ndizo za katikati, na palipochakaa panakuwa pembezoni, panapochomekwa chini ya godoro. Mgeni alilala asijue. Shuka ikishindwa kabisa iligeuzwa foronya, foronya ikishindwa iligeuzwa kitambaa cha kufutia vioo. Na ndani ya kila kabati la chumba kile Matroni alitia vidonge vya kafuri ili wadudu wasile nguo. Miaka ishirini na miwili nilivuta harufu ya kafuri kutwa, hadi mke wangu akasema hata jasho langu linanukia kabati. Mwishowe pua yangu ikaacha kuisikia. Lishikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Watalii walipopungua hoteli ilifungwa. Tuliambiwa langoni, asubuhi, na mlinzi ambaye naye alikuwa kaambiwa muda mfupi kabla yetu. Matroni alirudi kwao. Nilipomuaga alinipa mkasi wake mkubwa wa kukatia, akasema usikate nao karatasi, na hatukuonana tena.

Nilikuwa na miaka karibu hamsini nilipoanza kituo cha tatu, na hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ilikuwa karakana ya kushonea, chini ya nyumba ya familia moja ya wafanyabiashara katika mji uleule wa kale. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mkubwa, mjane, hajati, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye watu walinyamaza ili wamsikie. Aliyeendesha kazi alikuwa mpwa wake, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Msimamizi. Kanzu yake ilikuwa nyeupe kila siku, na ndiye aliyetunza funguo zote za nyumba. Sala haikumpita. Namtaja kwa sifa zake zote kwa sababu mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa yeye hakuwa mnyonge.

Nilifanya kazi pale miaka saba bila neno. Siku moja Bi Mkubwa akaniita juu. Nilipanda, nikavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, Fundi. Keti. Nina kazi yangu imelala, na macho yangu yamekataa kuiamsha."

Akamwambia mjukuu wake, Swafia, alete furushi. Ndani mlikuwa na mfarishi ambao haujakwisha. Mfarishi, kwa wale ambao hawajawahi kuuona, ni shuka nene ya tabaka tatu: juu uso wa viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, na zote tatu zimeshikwa pamoja kwa mishono midogo ya mkono. Huu ulikuwa mkubwa kuliko wowote niliopata kuuona. Ulipangwa kuwa na viraka mia tatu na ishirini, na Bi Mkubwa alikuwa ameunga mia moja na tisini kwa mkono wake mwenyewe, kwa miaka mingi, kutokana na masalio ya nguo za watu wake. Palikuwa na leso ya mamake, kikoi cha marehemu mumewe, buibui la dada yake, gauni alilovaa Swafia alipoanza chuo cha Kurani.

"Swafia ataolewa baada ya Ramadhani na mfungo wa sita," akasema. "Nataka alalie watu wake wote. Wewe utaweza?"

"Nitaweza, Bi Mkubwa."

"Wengine wameniambia nimpe fundi wa Lamu. Nikawaambia yule Mgiriama wangu harudishi nguo bila masalio yake. Mtu anayerejesha vipande, huyo n'nampa vipande vyangu."

Sitasema uongo, nilishuka ngazi zile nikiwa mrefu. Kuna watu wanaosifiwa kila juma. Mimi nilikuwa nimengoja miaka thelathini na saba.

Kazi ile ilinichukua miezi minne. Nilianza kwa kuchambua magunia ya vipande yaliyokuwa ghalani juu, karibu na chumba cha Bi Mkubwa, nikiruhusiwa kuingia na kutoka. Nilikata kipimo cha karatasi ngumu, sentimita kumi na tano kila upande, na kukizunguka nikaacha nafasi ya mshono. Kila kipande nilikiloweka kwanza, maana leso nyekundu ya zamani ikichujia kikoi cheupe hakuna dawa. Vya pamba nyepesi nilivitia kitambaa nyuma ili vistahimili jirani zao wazito. Vilivyokatwa kwa mshazari nilivizungushia bandi visije vikavutika. Kila Alhamisi nilimpelekea Bi Mkubwa mistari niliyomaliza, naye aliipapasa kwa vidole, akiniambia hiki cha nani na hiki cha nani, na kila kimoja kilikuwa na kisa chake. Siku nyingine tulicheka. Mara moja alikishika kiraka cha khaki, suruali ya shule ya mwanawe aliyemzika mdogo, akakaa nacho hadi adhana, nami nikakaa naye.

Uso ulipokamilika niliutandaza sakafuni na pamba na bitana chini yake, nikatambaa juu yake kwa magoti siku tatu nikipiga bandi. Kisha nikaushona kwa mkono, mishono sita kwa kila sentimita tano, kastabini kidoleni. Ukawa umebaki upindo tu. Upindo ndio unaoziba kingo zote nne na kuushika mfarishi usifumuke, na Bi Mkubwa alitaka wa bafta nyeupe, mpana wa kiganja, wa kitambaa kizuri. Bafta ya namna hiyo haikuwepo Malindi. Msimamizi akaambiwa aende Mombasa akailete.

Alisema ataenda Jumatatu. Jumatatu ikapita. Alisema ataenda akimaliza shughuli za bandarini. Wiki mbili zikaisha kwa maneno hayo, na mimi kila siku namkumbusha, na yeye kila siku ananiambia, "Fundi, wewe wanifanya mimi mtoto?" Siku nne kabla ya harusi akashuka karakanani na kitambaa cheupe kimekunjwa ndani ya foronya.

"Haya, bafta yako hii. Ya zamani, siku hizi haipatikani."

Nikaikunjua. Ilikuwa pamba safi, laini, imefuliwa na kukaushwa vizuri, nayo ilinukia kafuri. Mtu mwingine yeyote katika mji ule, hata mtoto, angeisikia kafuri kwenye kitambaa cheupe kisichoshonwa akakiweka chini na kurudi nyuma hatua. Kwa Waislamu wa huku kafuri na bafta vikikutana ni maiti tu. Nami nimeishi nao maisha yangu yote, nimesimama katika maziko yao, nimekula hitima zao. Lakini pua yangu ilikuwa ya chumba cha kitani. Kwangu kafuri ilikuwa shuka iliyotunzwa vizuri na Matroni.

Hata hivyo niliuliza. Nataka hilo liandikwe. Niliuliza kama nilivyofundishwa: "Kitambaa hiki ni cha nani?"

"Ni cha nyumba," akajibu, akaenda zake.

Jibu lile halikuwa jibu, na kosa langu ni kulikubali. Siku zilikuwa nne. Nikachukua mkasi.

Siku mbili kabla ya harusi, alasiri, wanawake wa familia walikusanyika juu kutandika kitanda cha samadari cha bi harusi. Bi Mkubwa akaagiza fundi aitwe naye ashukuriwe. Nilisimama mlangoni, na Msimamizi akasimama nyuma yangu na funguo zake. Mfarishi ulikuwa umetandazwa, na naapa ulikuwa mzuri. Bi Mkubwa akaupapasa kuanzia katikati, akiwatajia wageni majina: huyu mamangu, huyu Bwana, huyu dada yangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkono wake ukafika ukingoni.

Ukasimama. Akausugua upindo kati ya vidole viwili. Akauinua, akaupeleka puani.

"Fundi. Huku pembeni umetia nini?"

"Bafta, Bi Mkubwa."

"Umeitoa wapi?"

"Nimeletewa na Msimamizi."

Nikageuka ili athibitishe. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama mpita njia.

"Mimi?" akasema. "Mimi n'limwambia angoje, n'taenda Mombasa. Wallahi, shangazi, sikumpa kitu. Yeye ndiye aingiaye ghalani kila siku."

Swafia alikuwa tayari amefungua sanduku la bibi yake. Akapapasa hadi chini. Akainuka mikono mitupu, akaanza kulia, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimekikata. Ilikuwa sanda. Bi Mkubwa alikuwa ameinunua mwenyewe alipokwenda kuhiji, akaiosha kwa maji ya zamzam, akarudi nayo, akaitia kafuri na kuiweka chini kabisa ya sanduku ikimngoja. Wazee wengi wa huku hufanya hivyo. Nami nilikuwa nimeichana mapande manne na kumtandikia mjukuu wake.

Nikapiga magoti. "Bi Mkubwa, niruhusu niufumue. Nitakurejeshea ilivyokuwa."

"Sanda haishonwi, Fundi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Haitiwi sindano. Hiyo imekwisha kuwa nguo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinigeuzia uso, na macho yale yasiyoona vyema yakatafuta ukuta.

Nilishuka na mfarishi mabegani, nikaketi barazani mbele ya watu, nikaufumua upindo ule mshono kwa mshono. Hakuna aliyenituma. Fundi haachi kazi wazi, na mimi sikuwa na kingine cha kusema isipokuwa kwa mikono. Wapita njia walipunguza mwendo. Habari ilikwisha fika sokoni kabla sijamaliza upande wa kwanza. Kwa kuwa bafta nyingine haikuwepo, nilirudi kwenye masalio ya magunia, nikachagua vya kijani na vya dhahabu, nikaunga upindo wa viraka urefu wa karibu mita kumi na moja, nikaushona asubuhi, mchana na asubuhi tena. Ulikuwa mzuri kuliko ule mweupe. Fundi Mkuu mwenyewe angekosa pa kupiga rula. Vile vipande vinne vya bafta nilivitoa nyuzi zote, nikavikunja, nikavifunga uzi kama nilivyofunzwa, nikavitanguliza juu ya mfarishi na kubisha. Msimamizi akavipokea bila kunigusa mkono, akafunga mlango. Sikualikwa harusini, na karakanani sikurudi.

Mnaweza kudhani kufukuzwa ndiko kulikouma. Hata. Nilichopoteza ni jina. Mjini nikawa mwizi aliyefungua sanduku la hajati aliyemwamini. Hilo lilikuwa la mchana. La pembeni lilikuwa baya zaidi: "Mtu akikata sanda ya mtu aliye hai, ataka nini kama si kumuua?" Neno hilo likavuka likanifuata hadi Ganda kwetu, na huku kwetu mzee mwenye mvi akidhaniwa mchawi si mchezo, tumeona wazee wakichomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Mke wangu akaninunulia piko, rangi nyeusi ya nywele. Kila wiki mbili akanipaka kichwa kizima, mimi nimeketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, mtu wa miaka hamsini na saba, nauficha uzee wangu kwa majirani niliocheza nao utotoni.

Nilikwenda mara tatu kumwona Bi Mkubwa. Sikutaka kazi. Nilitaka anisikie maneno mawili tu. Mara zote tatu aliyenifungulia alikuwa yuleyule.

"Bibi yuwalala."

"Ni saa nne asubuhi."

"Mtu mzima hulala atakapo. Nenda, Fundi, usijiongezee."

Alifariki mwaka wa pili. Nilihudhuria maziko, nikasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Alizikwa kwa bafta ya dukani, iliyonunuliwa asubuhi ile. Amekwenda akiamini ni mimi, na hilo hakuna fundi wa kulifumua.

Miaka mitatu baada ya hapo nikaitwa na Msimamizi. Aliyeleta ujumbe alisema yuwaumwa sana, yuwataka radhi za watu kabla hajaondoka. Nilikwenda. Nilimkuta amekonda, amelala ubavu, mkewe akimpepea. Akamwomba mkewe atoke.

"Charo," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. "Ile bafta n'liitoa mimi. N'lifungua sanduku nikaona kitambaa cheupe, sikutazama mara mbili. Siku zilikuwa zimekwisha."

"Na kafuri?"

"N'liisikia. Nikasema pengine ni ya wadudu."

"Na kiapo?"

"Shangazi alipouliza, watu wote walikuwa wamesimama pale. Ulimi ukatangulia. Nisamehe, kwa ajili ya Mungu."

"Mwite mkeo. Waite wanao. Sema maneno haya haya mbele yao, nami nitakusamehe mara mia."

Machozi yakamtoka. "Niache nife na heshima yangu, Charo."

Heshima yake! Nilisimama pale nywele zangu zikinuka piko, nikamsikiliza akiniomba nimtunzie heshima. Lakini mtu anayekufa hanyimwi radhi, hivyo ndivyo tulivyolelewa, wa msikitini na wa kanisani. Nikamwambia nimekusamehe. Nilisema kwa mdomo, moyo haukuwepo.

Basi hakufa. Madaktari wa Mombasa walimtia dawa, na mwezi wa pili yake nikamkuta mbele ya duka lake anakunywa kahawa chungu, kanzu nyeupe, kofia imenyooka. "Fundi, habari za siku nyingi!" akanipungia. Nilimpa radhi ya maiti, akaenda nayo sokoni. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu nimeitazama miaka yote hii, ni ndefu na ina lami.

Sasa nimestaafu, kama mtu anaweza kustaafu kutoka kwenye kazi ambayo watu waliacha kumletea. Miaka ya mwisho nilitia viraka sare za shule za watoto wa Ganda na kupunguza suruali za mitumba. Macho yamekwisha, tundu la sindano nalitafuta kwa ulimi na kidole. Piko nimeiacha, mke wangu aligombana nami, nikamwambia wanaotaka kunichoma waje wanione nilivyo. Vijana huniuliza kazi hii inataka nini. Hutarajia niseme subira. Mimi nawaambia, mtu akikuletea kitambaa, muulize ni cha nani, na akikujibu kwa ujanja muulize tena mbele ya shahidi. Mengine yote yamo mikononi na yatakuja yenyewe.

Wiki tatu zilizopita Swafia alikuja hapa nyumbani. Ni mama mzima sasa, ana watoto watatu. Aliamkia vizuri, "Shikamoo, baba Charo," akaketi kwenye mkeka bila kujivuna, akakunjua mfarishi mapajani mwake. Kiraka kimoja cha leso kimechanika, mtoto amekichezea. Vingine vyote, mia tatu na kumi na tisa, vimeshika. Upindo haujalegea hata uzi mmoja. Niliupitisha mkononi mwangu kuuzunguka wote.

"Hakuna anayeweza kuutengeneza ila wewe," akasema. "N'likuwa naogopa kuja. Halafu nikaona, dunia ni nini? Bibi hayupo. Watu hukosea." Akanishika mkono, na macho yake yalikuwa mema kabisa. "Nataka ujue mimi n'lishakusamehe, baba. Zamani sana. Kwa moyo wangu wote."

Nikautazama mkono wake juu ya wangu. Msimamizi nilimsamehe kwa mdomo, sikumwahidi kunyamaza. Na hata kama ningemwahidi.

"Msamaha huo si wangu, mwanangu," nikamwambia. "Mpelekee mwenyewe."

Akauliza mwenyewe ni nani. Nikamtaja jina lake lote, na la babake.